FUNDI WA NYUMBANI: Kabla ya Kununua Betri, Fuata Njia ya Umeme

Askari anapostaafu, mara nyingi sehemu ya kiinua mgongo chake huingia katika gari kuukuu. Miongoni mwa magari hayo imo Land Rover Series III, iliyotengenezwa Uingereza tangu mwaka 1971 hadi 1985, ambayo wengi wetu tuliijua kwanza kazini. Chasisi yake ni imara na injini yake hutengenezeka. Lakini nyaya zake zimezeeka pamoja nasi, na ubovu wa nyaya humla mwenye gari fedha nyingi asipojua pa kuutafutia.

Mstaafu mmoja, jirani yetu, alinunua gari la aina hiyo ili mkewe apate kupeleka mazao sokoni. Usiku mmoja mtoto wao alishikwa na homa kali. Baba alipogeuza ufunguo, injini haikuzunguka. Ulisikika mlio mmoja tu, ta! Majirani walitoka, wakalisukuma gari mpaka likawaka, na mtoto akafikishwa hospitali salama. Asubuhi fundi mmoja alisema kwamba betri imekufa. Ikanunuliwa mpya, kwa fedha zilizokuwa zimewekwa kwa karo ya muhula. Baada ya majuma matatu gari likagoma tena, kwa mlio ule ule.

Aliyetoa ushahidi uliofaa ni mama mwenye nyumba. Alisema kwamba usiku ule, baba alipogeuza ufunguo, taa kubwa za mbele ziliendelea kuwaka vilevile, wala hazikufifia. Neno hilo lilitosha kuitoa betri hatiani. Betri ikiwa dhaifu, taa hufifia sana stata inapoitwa kufanya kazi. Taa zikibaki na nuru yake, maana yake umeme upo, ila haupati njia ya kupita katika stata.

Yafaa ifahamike kwamba umeme wa gari ni kama askari wa doria: hutoka kambini na ni lazima arudi kambini. Hutoka katika kichwa chanya cha betri, hupita katika waya, fyuzi, swichi na balbu, kisha hurudi katika kichwa hasi kwa njia ya chuma cha gari lenyewe. Njia hiyo ya kurudi mafundi huiita ethi. Watu wengi hukagua njia ya kwenda na kuisahau njia ya kurudi.

Katika Land Rover, injini na giaboksi hukaa juu ya mipira, kwa hiyo upo mkanda wa waya uliosukwa unaoziunganisha na chasisi. Mkanda wa jirani yetu ulikuwa umeliwa na kutu ya kijani, zimebaki nyuzi chache tu. Mtikisiko wa barabara ulikuwa ukiziunganisha leo na kuziachanisha kesho. Ishara nyingine ilikuwapo: waya wa choki ulikuwa ukipata moto, kwa sababu umeme wa stata, uliokosa njia yake, ulijaribu kurudi kwa njia hiyo nyembamba. Mkanda mpya, msasa na robo saa ya kazi vilimaliza shauri.

Basi gari lako likigoma, fuata utaratibu huu.

Kwanza, usalama. Zima sigara, kwa maana betri hutoa hewa inayolipuka. Unapofungua betri, anza na waya unaokwenda kwenye chasisi, na unapofunga uwe wa mwisho. Hivyo spana ikigusa chuma cha gari haitatoa cheche. Katika Series III waya huo ni wa hasi. Katika baadhi ya Land Rover za kabla yake ni wa chanya, kwa hiyo tazama kabla ya kugusa.

Pili, safisha vichwa vya betri. Ule unga mweupe au wa kijani huondolewa kwa maji ya moto yenye magadi yaleyale ambayo mama hupikia maharagwe. Angalia yasiingie ndani ya betri. Kausha, sugua kwa msasa, kaza nati, kisha paka grisi.

Tatu, pima. Mita ndogo ya umeme hugharimu kidogo sana kuliko betri. Betri iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.6 hivi, ikionyesha 12 imekaribia kwisha. Injini ikiwaka, mita ionyeshe kati ya 13.8 na 14.5. Isipopanda, kagua mkanda wa feni na nyaya za alteneta. Tazama pia taa nyekundu ya chaji katika dashibodi: ufunguo ukifunguliwa kabla ya kuwasha injini, ni lazima iwake. Katika Series III, umeme wa kuiamsha alteneta hupitia katika balbu hiyo. Ikiungua, alteneta nzima yaweza kukaa bila kuchaji.

Nne, pima njia ya kurudi. Weka ncha moja ya mita katika kichwa hasi cha betri na ya pili katika chuma cha injini, kisha mwenzako azungushe stata. Mita ikizidi nusu volti, ethi ni mbovu. Kwa taa, gusa chuma kinachoishika balbu ikiwa inawaka. Isizidi sehemu mbili za kumi za volti. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu na chasisi ni ya chuma. Metali hizo mbili zikikutana penye maji huliana, na ndipo taa hufifia. Ukikanyaga breki na taa nyingine za nyuma zikawaka zisipoitwa, sababu mara nyingi ni hiyo.

Tano, kama betri hulala nzima na kuamka imekwisha, kuna kitu kinachoinyonya. Taa ndogo ya wati 5 iliyosahauliwa hula karibu nusu ampea. Betri ya ampea-saa 60 itamalizwa kwa siku sita hivi. Zima kila kitu, fungua waya wa hasi, kisha weka balbu ndogo ya majaribio kati ya waya huo na kichwa cha betri. Ikiwaka, chomoa fyuzi moja moja. Ile itakayoizima ndiyo itakayokuonyesha upande wenye mwizi. Usigeuze ufunguo wakati wa kipimo hiki.

Jambo la mwisho ni la kuonya. Fyuzi ikikatika mara kwa mara, wako watu wanaoifunga kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi ni mlinzi. Imekatika kwa sababu mahali fulani waya umechubuka na kugusa chuma. Ukimwondoa mlinzi, waya wenyewe ndio utakaoungua, na gari lenye petroli na watoto ndani yake laweza kuteketea. Tafuta palipochubuka, kisha weka fyuzi ya kipimo kilekile.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Jirani yetu alinunua betri asiyoihitaji, na binti yake akachelewa kurudi shuleni kwa majuma mawili. Siku hizi kila Jumamosi baba hufungua boneti, na binti huyo ndiye anayeishika mita na kusoma namba.

Tukutane tena juma lijalo.