Maneno Katikati ya Wimbo



Yeyote aliyesali hivi karibuni katika parokia na vigango vya huku kwetu, kuanzia Tabora mjini, Pangale, Sikonge, Tutuo hadi Ipole, atakuwa ameisikia staili hii. Komunyo imekwisha. Kwaya inaanza wimbo wa shukrani, kiitikio mara mbili, ubeti wa kwanza, kiitikio tena. Halafu sauti zinashuka na kubaki zikivuma, kinanda kinapigwa taratibu, na mwanakwaya mmoja anasogelea kipaza sauti. Haimbi, anasema. Anasema juu ya mama aliyemzaa, juu ya marehemu waliotangulia, juu ya vijana wanaouza tumbaku ya baba na kulewa fedha zote. Wapo wanaolia. Wapo wanaopiga vigelegele. Anapomaliza, kwaya inarudi kwa nguvu na kanisa zima linasimama.

Waamini wengi wanaipenda sehemu hii, na wanakwaya wanaipenda zaidi. Siku hizi kwaya ikienda studio, sehemu ya maneno huandaliwa kabla hata ya kuamua nani aimbe sauti ya tatu. Mapadre wamegawanyika: wapo wanaoikataza bila kueleza, na wapo wanaoiacha ipite ili wasigombane na kwaya. Sisi tunaona jambo hili linastahili kusemwa wazi, kwa sababu linawagusa watu ambao hawana kipaza sauti.

Kwanza tuondoe dhana kwamba mtindo huu ni uhuni ulioingia juzi kutoka Dar es Salaam. Kusema katikati ya kuimba ni kwa zamani sana katika nchi ya Unyamwezi. Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora, mwezi Novemba 1857 akiwa na John Speke, aliandika jinsi wapagazi walivyotangaziwa jioni safari ya kesho: msemaji alitoa hotuba kwa sauti kuu, na kila alipotua watu waliitikia kwa pamoja. Njiani napo kiongozi wa msafara alitanguliza maneno, na wenye mizigo wakampokea kwa wimbo. Watu waliotembea kwa miguu kutoka Tabora hadi Bagamoyo na pembe za ndovu mabegani walijua kwamba maneno yasiyoitikiwa hayamsogezi mtu hatua moja. Na hata leo, aliyewahi kumwona manju akiongoza ngoma baada ya mavuno anajua kwamba hapo kuimba, kutamba na kusema vinakaa nyumba moja.

Muziki wa dansi ulichukua hayo na kuyatia gitaa. Wa kutajwa kwanza ni Dokta Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu nchini Kongo mwaka 1947, akaja kuwa Mtanzania kwa maisha na kwa lugha, akafariki Dar es Salaam Desemba 2010. Alipokuwa na Super Matimila, Remmy alikuwa mhubiri kabla hajawa mhubiri. Wimbo wake "Kifo" ni mahubiri yaliyovaa gitaa. Anapoacha kuimba na kuanza kusema, sauti yake inakuwa ya jirani aliyekaa kwenye kigoda mlangoni pako, haina ubora wowote kuliko yako, na ndiyo maana watu walimwamini. "Mambo kwa Soksi", wimbo wake juu ya UKIMWI, ulikataliwa na Radio Tanzania, na ushauri uliomo si ule ambao Kanisa linautoa. Lakini tukubali ukweli: alisema kwa sauti jambo ambalo familia nyingi zilikuwa zikinong'ona huku zikizika. Mwishoni mwa maisha yake aliacha dansi akaimba nyimbo za Injili, na waliomsikiliza hawakuona ajabu kubwa.

Mwenzake wa upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, Franco wa T.P.O.K. Jazz, alifanya vivyo hivyo mwaka 1987 kwa "Attention na Sida". Kwa sehemu kubwa wimbo ule ni hotuba ya Kifaransa iliyowekwa juu ya mdundo. Franco anaonya kama baba aliyeita kikao. Miaka miwili iliyotangulia alikuwa ametoa "Mario", hadithi ya kijana anayelishwa na mwanamke aliyemzidi umri, nusu imeimbwa na nusu imesemwa. Watu wengi husema kwamba neno letu la mtaani "marioo" limetoka humo. Waliokuwa wakicheza wimbo huo bila kujua Kilingala waliondoka na neno zima mfukoni! Walimu wa katekesi wataelewa uchungu wetu: tunafundisha miezi, na halibaki hata moja.

Kisha wakaja wa Bongo Fleva. Mwaka 2001 Professor Jay alitoa "Ndio Mzee". Mgombea anahutubia mkutano, anaahidi mambo yasiyowezekana, na umati unaitikia kwa maneno yale yale ya jina la wimbo. Hapa tunaomba msomaji atulie kidogo, maana wimbo huu ndio unaotufikisha tunapokwenda. Kinachochekesha pale ni kiitikio zaidi ya uongo wa mgombea. Watu wanaitikia, lakini hawajibu. Wamegeuzwa kuwa mwangwi wa msemaji. (Kwamba msanii mwenyewe alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi mwaka 2015 ni kichekesho kingine, na wapiga kura wake watakisimulia vizuri kuliko sisi.) Mrisho Mpoto, ambaye kughani ndiyo kazi yake, alichukua njia tofauti katika "Mjomba": mpwa anamsemesha mjomba wake mwenye madaraka, kwa heshima zote za ukoo. Mpwa ndiye mdogo, na anayeambiwa ndiye mkubwa. Maneno yanapanda kutoka chini kwenda juu.

Sasa turudi kwenye benchi la kanisa. Nani anasikiliza maneno ya kwaya baada ya Komunyo? Wanaorudi wakiwa wamempokea Bwana, ndiyo. Lakini katika vigango vyetu walio wengi mara nyingine ni wale ambao hawakunyanyuka. Mama anayeishi na mume ambaye hawajafunga ndoa kwa sababu mahari haijaisha. Mzee mwenye wake wawili ambaye hakosi hata Dominika moja. Binti aliyezalia nyumbani. Wamebaki wamekaa, na kila mtu anawaona wamekaa. Ndipo kijana wa sauti ya pili, mwenye umri wa miaka ishirini na mitatu, anaposhika kipaza sauti na kusema juu ya "wale wanaoishi kama wanyama bila sakramenti". Tumeyasikia maneno ya namna hii kwa masikio yetu, katika zaidi ya kigango kimoja. Kinanda kinalia taratibu chini yake kana kwamba ni jambo la upole. Mama yule afanye nini? Kama ni wimbo, angeimba kiitikio pamoja na wengine na kumwambia Mungu la moyoni mwake. Kama ni mahubiri, msemaji angekuwa amesoma, amepewa daraja, na Jumatatu anaweza kufuatwa ofisini akaulizwa. Hapa hana pa kujibia. Amekuwa kama ule umati wa kwenye mkutano wa kampeni, ila yeye hata hakuulizwa swali.

Kanisa halijaacha jambo hili hewani. Maelekezo ya jumla ya Misale ya Kirumi, namba 88, yanasema kwamba baada ya Komunyo padre na waamini wanaweza kusali kimya kwa kitambo, na ikionekana vema, zaburi au wimbo mwingine wa sifa uimbwe na jumuiya yote. Jumuiya yote! Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia ya mwaka 1963, ulitaka maneno ya nyimbo takatifu yachotwe hasa katika Maandiko Matakatifu na katika chemchemi za liturujia. Na hati ya Redemptionis Sacramentum ya mwaka 2004 ilikumbusha kwamba mahubiri ndani ya Misa hayatolewi na mlei. Tunajua mwanakwaya atasema: "Mimi sihubiri, naimba tu." Ndugu yetu, hukuwa unaimba. Sauti ilikuwa imeshuka makusudi ili usikike.

Wapo wenzetu waseminari watakaotupinga kwa hoja nzuri: mbona Ijumaa Kuu na Dominika ya Matawi Mateso ya Bwana yanasomwa au kuimbwa kwa sauti kadhaa, msimulizi, Kristo na wengine? Ni kweli, na hakuna maneno yanayotuingia kama yale. Lakini tazameni jinsi yanavyogawanywa. Umati unaposema "Asulubiwe", ni sisi tunaosema. Msimulizi hatunyoshei kidole. Tunajinyoshea wenyewe kwa midomo yetu. Tofauti na kijana wa kipaza sauti ni kubwa mno.

Hatusemi maneno yafutwe. Katika tamasha la kwaya, katika sanda na CD, katika mkesha wa msiba, katika jumuiya ndogo ndogo jioni, yana kazi kubwa. Msibani hasa. Tumeona familia ikitulia kwa sababu mtu alilitaja jina la marehemu katikati ya wimbo na kusema mambo mawili ya kweli juu yake, kwamba alikuwa mrina asali na kwamba hakuwahi kumnyima jirani maji. Na lingekuwa jambo jema maneno hayo yakisemwa kwa Kinyamwezi pale ambapo bibi na babu ndio wengi. Kwaya zetu zinaimba Kiswahili cha redio kwa watu ambao uchungu wao una lugha nyingine. Kwaya za ndugu zetu Wamoravian, waliotangulia kujenga misheni pale Sikonge, ni majirani zetu wa siku nyingi. Mkesha wa pamoja ungetufaa wote.

Kwa wanaoandika maneno hayo tunaomba jambo moja la kazi. Kabla ya kurekodi, msomee mtu anayesemwa. Kama wimbo unawasema wajane, msomee mjane. Kama unawasema walevi, mtafute mlevi asubuhi. Asipoweza kuyasikiliza hadi mwisho akiwa amekaa mbele yako, hayako tayari kusemwa mbele ya watu mia tatu. Remmy aliweza kusema na maskini kwa sababu alikuwa akilala nao mtaa mmoja.

Mwalimu mmoja wa kwaya alituuliza: na sisi tuliokwisha kurekodi, watu wameuzoea wimbo, Dominika tufanyeje? Tulimjibu kwamba wauimbe bila ile sehemu, na pale palipokuwa na maneno kinanda kinyamaze, watu wasali. Alifikiri kidogo akasema kwaya yake ataiweza, lakini mpiga kinanda wake ni kijana, hajawahi kufundishwa kunyamaza, na hajui aanze naye vipi.