Tarehe ya Kurudi

Katika hospitali nyingi za wilaya, kisukari kina siku yake ya kliniki. Shinikizo la damu lina siku yake. Wajawazito wana yao, na wanaotumia dawa za kupunguza makali ya VVU wamepangiwa vizuri kiasi kwamba mmoja akikosa kufika hupigiwa simu, au mhudumu wa afya wa jamii humfuata nyumbani. Mwenye maumivu ya mgongo ya mwaka wa nne hana siku. Anapanga foleni na wenye homa na waliojikata panga shambani, anaonwa na daktari wa zamu, anaandikiwa vidonge vya siku tano, basi. Hakuna aliyemwambia arudi. Vidonge vikiisha na maumivu yakiwa palepale, kurudi mlango uleule kunafanana na kwenda kulalamika, kwa hiyo anajaribu mlango mwingine.

Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya watu hao, na msimamo wetu tuuseme mapema. Tumezoea kumlaumu mgonjwa wa maumivu sugu kwa kuzungukazunguka: leo zahanati, kesho duka la dawa, keshokutwa kwa mganga, Jumapili kwenye maombezi. Sisi tunasema mzunguko huo ametengenezewa. Tunamtibu mwenye ugonjwa wa miaka kwa utaratibu wa mwenye jino lililomuuma jana, halafu tunashangaa kwamba hatulii.

Kitaalamu, maumivu huhesabiwa kuwa sugu yakipita miezi 3. Zamani yalichukuliwa kuwa dalili tu: kitafutwe kilichoyaleta, kitibiwe, yatakwisha. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba taarifa za maumivu hazipandi moja kwa moja hadi kwenye ubongo. Njiani, ndani ya uti wa mgongo, zinaweza kuzuiwa au kuachiwa. Mwaka 1983 Clifford Woolf akaonesha kuwa neva za uti wa mgongo zikichokozwa vya kutosha hubadilika tabia, zikaitikia kwa nguvu hata mguso mdogo. Ndiyo maana kidonda huweza kufunga, mfupa ukaunga, na maumivu yakabaki. Shirika la Afya Duniani limeyapa maumivu sugu nafasi yake katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Daktari anayemwambia mgonjwa kwamba haumwi, ni mawazo tu, amepitwa na sayansi siku nyingi.

Mlango wa kwanza kwa wengi ni duka la dawa. Mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu ulianzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, na maduka hayo leo yako katika vijiji vingi visivyo na daktari. Mfikirie fundi cherehani wa Mbagala ambaye kiuno kinamkaza kila ifikapo saa tisa alasiri. Hana nusu siku ya kupoteza kwenye foleni. Anatuma mtoto dukani na noti, mtoto anarudi na diklofenaki. Inamtuliza, anamaliza sare za shule za watu, kesho anatuma tena. Dawa hiyo ikitumiwa hivyo mwezi hadi mwezi huchimba tumbo, huumiza figo na hupandisha shinikizo la damu. Mwaka 2013 wadhibiti wa dawa wa Ulaya walishauri mwenye ugonjwa wa moyo asipewe kabisa. Fundi wetu hajaambiwa lolote kati ya hayo. Akianza kutapika damu atapelekwa hospitali kama mgonjwa wa vidonda vya tumbo, na mgongo hautatajwa.

Hata hivyo, dada wa duka la dawa anajua jambo ambalo hospitali haijui. Anajua fundi anameza vidonge vingapi kwa wiki, na kwamba mwezi huu vimeongezeka. Ndiye mtu pekee mwenye mafunzo ya afya anayemhudumia mgonjwa huyo mara kwa mara. Laiti angekuwa na mahali pa kumwelekeza na kikaratasi cha kumpa, angeokoa figo nyingi.

Mganga wa kienyeji naye tumseme kwa haki. Anamkalisha mgonjwa chini, anauliza maumivu yalianza lini, nani mgomvi wake, analala vipi, kazi inaendaje. Anamshika panapouma. Kisha anampa tarehe: rudi baada ya siku saba, na kuku mweupe kama unaye. Mwaka 2011 maelfu walimiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Wengine walitoka wodini kwenda huko, na wapo waliofia njiani na kwenye foleni. Kikombe hakikuwa tiba ya saratani wala kisukari, na walioacha dawa zao kwa ajili yake waliumia. Lakini magazeti yalipocheka ushirikina wa Watanzania, ni wachache waliouliza watu wale walikuwa wameambiwa nini hospitalini kabla ya kupanda gari.

Wengi walikuwa wameambiwa wakapime. Kipimo ndicho kinachokula fedha za mgonjwa wa maumivu kuliko kitu kingine. Familia huuza ng'ombe, huchangishana kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, mzee akasafirishwa hadi jijini kupigwa MRI, na jibu likatoka: pingili zimesagika. Huwa zimesagika kweli. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2015, uliokusanya picha za watu zaidi ya 3,000 wasiokuwa na maumivu yoyote ya mgongo, ulikuta kwamba asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20 tayari diski zao zina dalili za kuchakaa. Kwa wenye miaka 80 ilikuwa asilimia 96. Picha ile ingeweza kuwa ya jirani yake anayelima ekari mbili bila kulalamika. Ila mzee ameshalisikia neno, na anaporudi nyumbani hainami tena, hashiki jembe, anakaa kwenye kiti mchana kutwa akilinda pingili zake. Misuli ya mgongo inalegea na maumivu yanazidi. Mazoezi aliyopaswa kuelekezwa na mtu wa fiziotherapia wiki ya kwanza hakuyapata, kwa kuwa hela yote iliishia kwenye mashine.

Kwa wanawake mambo huenda kinyume: kipimo hakioneshi kitu. Msichana anayezimia kila mwezi kwa tumbo la chango hupigwa ultrasaundi, akaambiwa yuko sawa, akishazaa yatakwisha. Huenda ana endometriosisi, ambayo mara nyingi haionekani kwa ultrasaundi ya kawaida. Nyumbani, jibu la hospitali husikika vingine kabisa: anadeka, anakwepa kazi, labda anatafuta kurudi kwao. Miaka hupita. Tunaweka jambo hili hapa kwa sababu mgonjwa anayeonekana mwongo huacha kwenda hospitali hata anapopata ugonjwa mwingine.

Dawa nazo zina mkasa wake. Kwa maumivu ya neva, yale ya kuchoma na kutambaa kama ya miguu ya mwenye kisukari, diklofenaki haisaidii sana. Moja ya zinazosaidia ni amitriptilini, dawa ya zamani, ya bei nafuu, hunywewa kidogo usiku. Mgonjwa akifika nyumbani, mwanawe anasoma karatasi ya ndani ya boksi: dawa ya sonona. Boksi linaishia kwenye droo. "Kwani mimi kichaa?" Dakika tano za kueleza kwamba dawa ileile, kwa dozi ndogo, hutuliza neva, kwamba itachukua wiki kadhaa kufanya kazi na mwanzoni italeta usingizi na kukausha mdomo, zingeokoa tiba nzima. Dakika hizo hazipo mahali ambapo daktari mmoja anasubiriwa na watu sitini. Na kwa kuwa hakuna tarehe ya kurudi, hakuna atakayejua kwamba boksi liko kwenye droo.

Kuna kundi ambalo maumivu yake yanahitaji dawa nzito, na hapo aibu yetu ni kubwa zaidi. Mwaka 2017 tume ya jarida la Lancet ilihesabu kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1. Kwetu Tanzania, kwa miaka mingi mofini ya kunywa ilipatikana takriban katika taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, peke yake. Mgonjwa wa saratani wa Kigoma afanyeje? Majirani zetu Uganda walilikabili swali hilo mapema. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa Kampala na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, ilichanganya unga wa mofini na maji ikapata dawa rahisi ambayo mgonjwa anaweza kuinywa kitandani kwake, na mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Hilo la pili ndilo gumu kuliko la kwanza. Daktari hafiki kila kijiji, muuguzi anafika.

Tunajua jibu la wizara na la baadhi ya wasomaji wetu: tazameni Marekani. Tumeitazama. Kule kampuni zilihimiza vidonge vya jamii ya mofini kwa migongo na magoti ya kawaida, kwa faida, na watu wengi sana wakafa. Funzo lake ni kutompa mofini fundi wa Mbagala, na sisi hatupendekezi apewe. Kumnyima mwanamke mwenye saratani ya shingo ya kizazi kwa sababu ya makosa ya wafanyabiashara wa ng'ambo ni ukatili uliovaa koti la tahadhari.

Na wenye sikoseli? Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao kila mwaka hapa Tanzania. Wanaofuatiliwa kwenye kliniki, kama ile ya Muhimbili, wana faili, wana daktari anayewajua kwa jina. Taabu huanza maumivu yanapowashika usiku mbali na kliniki yao. Kijana aliyeishi na maumivu tangu utotoni hapigi kelele. Anajikunja kwenye benchi, anachezea simu ili ajisahaulishe. Nesi wa zamu anamtazama na kuamua kwamba hajaumia kihivyo, na akitaja kwa jina sindano inayomsaidia, anashukiwa kuwa teja. Ugonjwa ni uleule na kijana ni yuleyule. Kilichopungua usiku huo ni mtu anayemjua.

Kwa hiyo tunachodai hakihitaji jengo jipya. Kila hospitali ya wilaya itenge siku moja kwa wiki kwa maumivu sugu. Awepo tabibu mmoja asiyehamishwahamishwa, mtu wa fiziotherapia, amitriptilini isiyoisha stoo, na daftari la miadi. Tutaambiwa wafanyakazi ni wachache. Ni kweli, na wachache hao tayari wanamwona mgonjwa huyuhuyu mara sita kwa mwaka katika vituo sita, kila mmoja akianza upya. Aambiwe pia ukweli ambao waganga wa pande zote mbili hawapendi kuusema: huenda maumivu yasiishe kabisa. Yakipungua kiasi cha kulala usiku, kubeba ndoo na kumaliza sare za shule, tiba imefanya kazi.

Kurasa zinazofuata zina mahojiano na wauguzi, maelezo ya mazoezi ya mgongo yanayoweza kufanywa kwenye mkeka, na barua za wagonjwa, ambazo tumezipunguza urefu tu. Moja yao inatutukana sisi waandishi wa habari za afya. Tumeiacha kama ilivyo.

Msomaji unayeumwa, jambo moja kabla hujafungua ukurasa. Maumivu mengi ya mgongo si ya hatari, lakini yapo yanayoficha kifua kikuu cha uti wa mgongo, saratani, au neva zilizobanwa. Ukiona ganzi katikati ya mapaja, mkojo au choo kikakutoka bila kujijua, miguu ikaanza kukosa nguvu, au maumivu yakaambatana na homa, jasho la usiku na kukonda, usisubiri siku ya kliniki wala usitume mtoto dukani. Nenda hospitali leo.