Je, Mcheza Kwao Hutunzwa Daima?

Wahenga walilonga kuwa mcheza kwao hutunzwa, na wapenzi wengi wa raga ya wachezaji 13 nchini Australia wameushika msemo wa aina hiyo kama sheria. Kila mwaka majimbo ya Queensland na New South Wales hukutana mara tatu katika State of Origin, na uwanja wa Lang Park, Brisbane, husifiwa kuwa kaburi la wageni.

La hasha! Mwaka 2024 New South Wales walilimwa 38-10 nyumbani Sydney, baada ya mwenzao kufukuzwa uwanjani mapema kwa kumgonga mpinzani kichwani. Hatimaye wakatwaa ubingwa kwa 14-4 huko huko Brisbane. Mwaka 2025 zamu ikawa ya Queensland: wakashindwa 18-6 kwao, wakashinda 26-24 Perth, na mechi ya kuamua wakaichukua 24-12, Sydney.

Sisemi kuwa vifijo si kitu. Humtia mwenyeji ari, na refa naye ana masikio. Ila vifijo hivyo hivyo huweza kumpandisha mwenyeji mori akakaba ovyo, ilhali mgeni hana wa kumfurahisha. Kocha anayerejea kutoka ugenini akilalamikia makelele na atueleze kwanza ni mipira mingapi iliyowaponyoka vijana wake.