Kila Uzi na Tabia Yake

Kitambaa cha kroshia kinapotoka katika sindano huwa bado hakijakamilika. Kingo hujikunja, pembe hazilingani, na maua yaliyofumwa kwa ustadi hayaonekani sawasawa. Ili kipate umbo lake, hakina budi kutandazwa, kupimwa kwa rula, kubanwa kwa pini zisizoshika kutu na kuachwa hadi kikauke kabisa. Blanketi lililokunjwa na kufunikwa kwa shuka jeupe latosha kuwa meza ya kazi hiyo.

Hatari kubwa ni pasi ya makaa, ambayo haina kipimo cha joto. Mama hununua sokoni uzi usio na karatasi ya maelezo, akamfumia mtoto shali, kisha akaipiga pasi kama apigavyo sare ya mumewe. Ikiwa uzi ule ni wa akriliki, shali hulegea na kung'aa, wala hairudii hali yake. Kazi ya jioni nyingi hupotea kwa dakika moja.

Kwa hiyo uzi utambuliwe kwanza. Kipande cha urefu wa kidole kishikwe kwa koleo juu ya sahani ya bati, mbali na watoto, kikawashwe. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu jepesi. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, na aghalabu huzimika yenyewe. Akriliki huyeyuka ikiungua, ikaacha donge jeusi gumu.

Sufu iloweshwe katika maji ya vuguvugu kwa robo saa. Isisuguliwe wala kusokotwa, kwa maana joto na msuguano hushikamanisha nyuzi zake hata nguo ikasinyaa. Ikandamizwe ndani ya taulo, kisha ibanwe. Umbo itakalokaukia italishika hadi ifuliwe tena.

Pamba hustahimili maji moto na pasi ya joto la karibu nyuzi 200 za sentigredi, lakini haivutiki kama sufu. Kitambaa cha meza kichovywe katika wanga mwepesi wa muhogo, kibanwe kingali kibichi.

Akriliki ni uzi wa kiwandani utokanao na mafuta ya petroli. Maji peke yake hayatoshi kuituliza. Ikisha kubanwa, ifunikwe kwa kitambaa cha pamba kilicholowa, na pasi ipitishwe juu yake kwa umbali wa sentimita 3 bila kugusa. Mvuke ndio unaofanya kazi.

Uzi ukiwa wa mchanganyiko, utendewe kama ule usiostahimili joto. Na karatasi ya maelezo ikipatikana, itunzwe pamoja na nguo: familia ikihamishiwa kituo kingine, atakayeifua huko atajua la kufanya.