NYUMBA NA FAMILIA: Maji juu ya etajere

Mama mmoja wa chama ametuletea swali lisilo la kila siku. Mtoto wake wa kwanza anataka kufuga samaki wa ziwa ndani ya nyumba, katika akwariamu, yaani sanduku la kioo. Kioo fundi atakikata. Pa kukiweka ndipo palipoleta ubishi. Kijana anasema ile etajere ya chuma, ya kununua dukani ikiwa bado katika katoni, inatosha kabisa. Mama yake anaitazama miguu yake myembamba na moyo haukubali. Ametuuliza nani ana haki.

Kijana asichekwe. Samaki wa ziwa letu la Tanganyika wanakaa katika nyumba za watu Ulaya, Marekani na Japani. Katika miaka ya 1970, Mbelgiji aliyeitwa Pierre Brichard alikuwa Bujumbura akiwapeleka ng'ambo wangali hai, na mmoja wao amepewa jina lake, Neolamprologus brichardi. Yuko mwingine, Lamprologus ocellatus, hapiti urefu wa kidole, na nyumba yake ni kombe tupu la konokono. Watu wa mbali wanalipa pesa kumtazama samaki ambaye mtoto wa Kalemie anamrusha tena majini kwa sababu hajazi hata kijiko. Basi kupenda kuwatazama si ujinga.

Sasa tuhesabu, na hesabu hii wamama tunaijua kwa shingo. Litri moja ya maji ni kilo moja. Bidoni ya litri 20 ni kilo 20, na kila aliyeitoa kisimani anajua kilo 20 ni nini. Kijana anataka sanduku la sentimetri 80 kwa 40, kimo 40. Akilijaza mpaka sentimetri 35, hapo pana litri 112. Kioo cha milimetri 8 peke yake ni karibu kilo 25. Weka na mchanga wa chini: tunakaribia kilo 150. Ni bidoni saba na nusu zimesimama mahali padogo kuliko nusu ya mlango, usiku na mchana, mwaka mzima, hazishuki kupumzika.

Kijana atajibu kwamba katoni imeandikwa kila ubao unabeba kilo 175. Inawezekana ni kweli. Lakini namba ile inasema juu ya mzigo uliotulia, uliotandazwa sawasawa, juu ya sakafu iliyonyooka, na buloni zote zimekazwa. Haisemi juu ya mtoto wa miaka mitatu anayepanda etajere kama ngazi ili amwone samaki. Etajere za namna hii mara nyingi hazivunjiki kwa kushuka chini. Zinalala upande. Miguu inaanza kupinda kidogo, mzigo unaifuata, na kilo 150 zikishaanza kwenda hakuna mkono wa kuzisimamisha. Kwa hiyo kuuliza inabeba kilo ngapi hakutoshi. Shika nguzo, sukuma pembeni, uone inayumba namna gani.

Tena kuna jambo la kioo chenyewe. Ubao wa bati jembamba ukibeba unazama katikati, hata kama hauvunjiki. Kioo hakijui kuzama. Kinabaki kigumu, uzito wote unahamia kwenye kingo, na siku moja silikoni inaachia au kioo kinapasuka, na litri 112 zinamwagika chini palipo na godoro na prizi ya umeme. Zile zenye ubao wa unga wa mbao uliogandishwa ni mbaya zaidi: zikinyonya maji zinavimba na kuoza, na akwariamu isiyodondosha maji hata tone sijaiona.

Je, tuiache etajere? Hapana, kama imekwisha kununuliwa. Nyingi zina nguzo za vipande viwili, cha chini na cha juu. Kijana afunge kipande cha chini tu, asiunganishe cha juu, apate meza fupi ya kimo cha kiuno. Hilo peke yake linaondoa nusu ya hatari. Nyuma afunge vyuma viwili bapa vilivyopishana kama alama ya kuzidisha, na pembeni hivyo hivyo. Ndivyo vinavyozuia kulala upande, kuliko unene wa chuma. Juu alaze ubao mzito wa senti mbili au zaidi, umepakwa rangi pande zote, ufike kwenye nguzo zote nne. Kati ya ubao na kioo atandaze frigolite nyembamba, maana kijiwe kimoja chini ya kioo kinatosha kukipasua. Sanduku lisitokeze nje ya ubao hata kidole.

Miguu nayo. Nyumba zetu nyingi sakafu ni udongo, na mguu wa etajere ni mwembamba kama kisu. Mvua ikianza udongo unalainika, mguu mmoja unazama, yote inainama. Chini ya kila mguu pawe na tofali la kuchoma au kipande cha ubao kipana, halafu apime kwa nivo. Kuifunga ukutani ni vizuri, ila msumari katika tofali bichi hauzuii kitu. Ukivutwa unatoka na udongo wake. Afadhali buloni ndefu inayopita ukuta mzima, na kipande cha bati nje.

Kabla ya kukata kioo, kijana aazime mifuko mitatu ya simenti, au ajaze mifuko mchanga mpaka ifike kilo 150. Ailaze pale juu juma zima, watoto wadogo wakiwa mbali. Chini ya ubao afunge uzi ulionyooka, siku ya kwanza apime nafasi kati ya uzi na ubao, siku ya saba apime tena. Nafasi ikipungua, au miguu ikiinama, amepata jibu kwa bei ya uzi.

Ukiniuliza mimi, ningeacha chuma. Nguzo mbili za matofali ya kuchoma, zimejengwa kwa simenti, na ubao mzito juu, zinashinda etajere ya duka. Haziyumbi, hazipati kutu, na mtoto hawezi kuzipanda. Ubaya wake ni mmoja, ukihama nyumba unaziacha.

Mashine ya kupuliza hewa ikiwekwa, waya wake ushuke chini kuliko prizi kabla ya kupanda tena, ili tone la maji lidondoke sakafuni, lisiingie kwenye umeme.

Na ninyi msio na samaki, tazameni etajere ya jikoni leo. Nimeona nyumba si moja bidoni za maji zimepangwa ubao wa juu ili watoto wasizichezee, na sahani ziko chini. Hiyo ni kuipindua kwa mikono yako mwenyewe. Bidoni zishuke ubao wa chini kabisa, sahani zipande.

Mama aliyeuliza, kwa hiyo wewe una haki juu ya miguu, na kijana ana haki kwamba inawezekana. Mwambie pia asitumie maji ya mvua matupu: ya ziwa ni mazito kwa chumvi za mawe na samaki wake wamezoea hivyo. Juu ya maji tutaandika akimaliza na mifuko ya simenti.