*MGOMO WA MADAKTARI: MDAIWA NI NANI?*

Wanachama wenzetu,

Kila mgomo wa madaktari unapotajwa, grupu letu hujaa lawama kwamba hawana utu. Tunaelewa uchungu huo. Hospitali ya umma ikifungwa, tajiri haumii, ana bima na hospitali yake ya kibinafsi. Anayeumia ni mama mjamzito wa hapa kwetu.

Lakini tukumbuke mambo yalivyoanza. Mkataba wa pamoja wa 2013 ulitiwa saini, kisha haukutekelezwa. Madaktari walingoja zaidi ya miaka 3. Wakagoma Desemba 2016, siku 100, na Februari 2017 viongozi 7 wa KMPDU wakatupwa ndani kwa kudharau agizo la mahakama. Mkataba mpya ulisainiwa mwaka huo huo wa 2017, baada ya mgomo. Ndani yake daktari mwanagenzi alipangiwa Sh206,400 kwa mwezi.

Ikafika 2024, serikali ikasema itampa Sh70,000. Karibu theluthi moja tu! Wakagoma tena kuanzia Machi hadi tarehe 8 Mei, siku 56.

Tunaambiwa pesa hazipo. Huenda ni kweli bajeti imebana. Basi serikali iite chama mezani kabla ya kukata. Wewe ukikopa unga dukani, huwezi kumwambia mwenye duka utalipa theluthi moja kwa sababu mwezi ulikuwa mgumu. (Na magari ya wakubwa hatujasikia yakikatwa theluthi mbili.)

Katiba, kifungu cha 41, inampa mfanyikazi haki ya kugoma. Kifungu cha 43 kinampa mgonjwa haki ya matibabu. Tunagombanishwa daktari na mgonjwa, ilhali wote wawili wanaidai serikali ile ile.

*Msimamo wa tawi:* tunaunga mkono haki ya kugoma pale mkataba uliosainiwa unapovunjwa. Madaktari nao tunawaambia waziwazi, wodi ya dharura na ya kujifungulia zisiachwe bila mtu.

Mbunge na MCA wakija kuomba kura, waulizwe mbele ya watu: mkataba wa 2017 umetekelezwa kiasi gani, na kwenye bajeti walipiga kura vipi? Atakayepata jibu alilete hapa. Matusi kwa madaktari yatafutwa.

_Kamati ya Tawi_