Kabla ya Kusema Bushi ni Feki, Uliza Zilikazwaje

Miezi miwili iliyopita niliweka video nikisema duka moja la spea hapa Machakos liliniuzia bushi feki. Wengi wenu mliisambaza. Nimeifuta, na nimeenda dukani kuomba msamaha ana kwa ana. Wacha niwaambie kwa nini.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla ya mzee wangu, ya mwaka 2004. Ndilo hubeba mboga za mama kutoka Mutituni hadi sokoni Machakos, kwa hivyo likilala, nyumba nzima inasikia. Mwaka jana lilianza kugonga mbele kila tukipita tuta, na ukishika breki usukani unavuta upande. Fundi akabadilisha bushi zote nne za loa amu, mbili kila upande. Miezi mitano baadaye kelele ikarudi. Nikachungulia chini, raba imepasuka. Nikakimbilia simu, nikamtukana mwenye duka mbele ya watu wote.

Safari hii ya pili nikasema nitafanya mwenyewe nyumbani. Nikatafuta kitabu cha matengenezo cha gari hilo, na hapo ndipo aibu ilianza. Kinasema hivi: boliti za amu unazishika tu kwanza, unarudisha tairi, unashusha gari chini, unalitikisa mara kadhaa likae sawa, NDIPO unakaza kabisa.

Sababu yake ni rahisi. Bushi ni mabomba mawili ya chuma, moja ndani ya lingine, na katikati kuna raba iliyogandishwa. Ukikaza boliti iliyolala, bomba la ndani linabanwa na halizunguki tena. Tairi likipanda na kushuka, kinachojipinda ni raba. Sasa kama ulikaza gari likiwa juu ya jeki na tairi linaning'inia, ukilishusha raba inajipinda hapo hapo na kubaki hivyo, hata gari likiwa limeegeshwa usiku. Barabara ya vumbi ya kwetu inamalizia tu kazi.

Nikarudi kwa video zangu za ile siku ya fundi, maana mimi hurekodi kila kitu. Unamwona wazi: gari liko juu ya jeki, tairi limetolewa, fundi anakaza kwa nguvu zake zote. Na sauti inayosikika nyuma ikisema "fundi fanya haraka, mama anangoja" ni yangu.

Kwa hivyo simlaumu fundi peke yake. Yeye analipwa kwa kazi, halipwi kwa saa. Hana shimo la kuingia chini ya gari, na kukaza gari likiwa chini kunamaanisha kulala kifudifudi kwenye changarawe akitafuta nafasi ya spana. Sisi wateja tunataka bei ya chini, tunataka iishe leo, halafu zikipasuka tunasema Kirinyaga Road imejaa spea feki. Feki zipo, sikatai. Lakini si kila kilichopasuka ni feki.

Maoni yangu ni haya: kama una gari la zamani, fanya hii kazi mwenyewe angalau mara moja. Sitaki umnyime fundi riziki. Nataka ujue unacholipia. Mimi ilinichukua Jumamosi nzima, na haya ndiyo ningependa mtu angeniambia mapema.

Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee, wala mawe ya ujenzi. Mawe hupasuka bila kukuaga. Azima stendi za chuma.

Kabla ya kuinua, pima kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa bodi juu yake. Langu lilikuwa sentimita 36. Kama huwezi kufika kwa boliti gari likiwa chini, liache kwenye stendi, weka jeki chini ya amu na uiinue polepole hadi ufikie kipimo kile kile, kisha ukaze.

Bushi kubwa ya nyuma ina mwelekeo wake. Piga alama kwenye amu kabla ya kuitoa.

Usipige bushi mpya kwa nyundo. Peleka amu kwa karakana yenye presi. Mimi nililipa shilingi 400 na zikaingia sawa. Usipake oili chafu ili ziteleze, maana oili inakula raba. Maji ya sabuni yanatosha.

Mwishoni, gari lipelekwe kupimwa magurudumu, la sivyo utakula tairi mpya upande mmoja.

Na kama huna wakati wa haya yote, sawa, mpe fundi. Lakini mwambie akaze gari likiwa chini, na umwongezee kitu kidogo kwa huo usumbufu. Kisha nyamaza umwache afanye kazi.

Mwenye duka alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia, "Kijana, ile video iliona watu wengi kuliko hii pole yako." Ni kweli. Ndiyo maana naandika hapa. Kama uliisambaza ile, tafadhali sambaza na hii.